Kabla ya kupanda nyasi, chimba shimo

Mvua za vuli zinapokaribia, wauza miche wa kando ya barabara jijini Dar es Salaam hupanga mapande ya nyasi juu ya viroba vilivyolowa, wakiyanyunyizia maji kila mara ili jua lisiyachome. Mteja anasimamisha gari, anashusha kioo, anauliza bei ya mita moja ya mraba. Halafu anauliza swali la pili: “Kaka, hizi zinastahimili jua?” Jibu ni lile lile siku zote: “Wala usiwe na shaka dada, we mwagilia tu, zinashika.” Na zinashika kweli. Desemba bustani inapendeza, wageni wa sikukuu wanapigia picha. Februari ikifika yamebaki mabaka ya kijani katikati ya vumbi, na mwenye nyumba anaamini ameuziwa nyasi mbovu.

Mara nyingi nyasi hazina kosa, wala muuzaji hakudanganya. Kuna maswali mawili ambayo hakuna aliyeyauliza pale barabarani: nyumba iko wapi, na chini ya hizo nyasi patakuwa na udongo gani. Mtu aliyejenga juu ya mchanga karibu na bahari na mtu aliyejenga juu ya mfinyanzi wa bondeni wanabeba mapande yale yale, wanapewa maelekezo yale yale, kisha kila mmoja anapoteza fedha zake kwa namna yake.

Picha ya bustani nzuri tuliyonayo kichwani ilitoka Uingereza. Ilikuja na maofisa wa kikoloni, na nyumba zao za baraza pana, na viwanja vyao vya gofu. Klabu ya gofu ya Nairobi, ambayo leo ni Royal Nairobi Golf Club, ilianzishwa mwaka 1906, mji wenyewe ukiwa na miaka saba tu tangu reli ifike hapo. Kabla ya hapo uwanja wa nyumba, pwani na bara, ulikuwa wa kufagiwa: ardhi tupu iliyoshindiliwa kwa nyayo, fagio la chelewa alfajiri, na nyoka akionekana mapema kabla hajaufikia mlango. Uwanja ule ulikuwa na akili yake, na nitaurudia mbele kidogo.

Tofauti kati ya kule na huku haiko kwenye wingi wa mvua. London hupata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka. Dodoma, mji tunaouita mkavu, hupata pungufu kidogo tu ya hapo. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000, na Bukoba hufika karibu 2,000. Lakini mvua ya London hugawanyika katika miezi yote kumi na miwili, huku jua likiwa dogo. Ya Dodoma humwagika kati ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufungwa hadi mwisho wa mwaka, na jua na upepo huchukua kila kilichobaki ardhini. Mtu anayetaka nyasi zake za Dodoma ziwe kijani mwezi Septemba anataka mvua ambayo haipo, na itabidi ailete kwa mpira wa maji.

Ajabu yake ni kwamba nyasi zinazotafutwa sana duniani kwa ajili ya nchi za joto ni za kwetu. Nyasi za Kikuyu, zilizopata jina kwa Wakikuyu wa Kenya ya kati, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Leo zinalisha ng'ombe Australia, na uwanja maarufu wa gofu wa Riviera, Los Angeles, umeoteshwa hizo hizo. Ukoka, ambao Wamarekani huuita nyasi za Bermuda, umekuwa ukitambaa kando ya njia zetu tangu zamani, ukilisha mbuzi na punda bila kupandwa na mtu. Aina ya Tifway, inayotandazwa kwenye viwanja vya mpira na gofu sehemu nyingi za dunia, ilitolewa mwaka 1960 huko Tifton, jimbo la Georgia, nayo ni chotara wa ukoka na nduguye wa Afrika Kusini. Nyasi za Pemba, zenye jani pana na nene, huota pwani kwenye mchanga na kivuli cha minazi. Tunazo zote. Tatizo ni kwamba tunazilea kana kwamba zimezaliwa Ulaya, na tunazihamisha bila kuangalia zilikotoka.

Za Kikuyu ndizo zinazoonewa zaidi. Kwao ni mahali pa baridi, nyanda zilizo karibu mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Nairobi, Iringa, Mbeya na Lushoto zinajisikia nyumbani, na tatizo lake huko ni kwamba haziishi kutambaa. Zinaingia kwenye matuta ya mboga, zinapanda ukuta, zinajilimbikiza hadi ukikanyaga unadidimia. Wamarekani wameziorodhesha kabisa miongoni mwa magugu yanayodhibitiwa na serikali yao kuu. Ukizileta Dar es Salaam au Mombasa zinapendeza miezi ya Juni hadi Agosti, kipupwe kinapopoza hewa. Joto la Januari likiingia na unyevu wake, zinadhoofika na kushikwa na ukungu. Mtu wa pwani anayezitaka kwa sababu ameziona kwa ndugu yake Arusha angefanya vizuri kuziacha huko huko Arusha.

Kwa pwani mimi napendekeza ukoka mahali penye jua la kutwa, nyasi za Pemba mahali penye kivuli cha nusu siku, na paspalamu ya baharini kwa mwenye kisima cha maji ya chumvi. Hiyo ya tatu huvumilia chumvi kuliko nyasi nyingine zote za bustani. Ndiyo maana waandaaji wa Kombe la Dunia la mwaka 2022 waliitandaza kwenye viwanja vya Qatar. Wakazi wengi wa Kigamboni, Kunduchi na Mbezi Beach wanategemea visima vilivyo karibu na bahari, na maji yake ukionja unajua. Ukiyamwagia ukoka, utavumilia kwa kiasi. Ukiyamwagia nyasi za Kikuyu, ncha za majani zitaungua kama zilizopitiwa na moto.

Sasa tuje kwenye shimo, maana hili ndilo jambo ambalo lingeokoa fedha nyingi kuliko mbolea yoyote. Kabla hujanunua pande hata moja, chukua jembe au sururu uchimbe shimo la kina cha sentimita 30 katikati ya uwanja. Lijaze maji, yaache yazame, kisha lijaze tena na uangalie saa. Yakikauka ndani ya nusu saa, uko juu ya mchanga. Ukilala na kuamka maji bado yamo, uko juu ya mfinyanzi, au chini kuna tabaka gumu lililoshindiliwa na magari yaliyoleta kokoto na tofali wakati wa ujenzi. Hili la mwisho ni la kawaida mno mijini. Fundi anamaliza nyumba, mabaki ya zege na chokaa yanasambazwa uwanjani, udongo wa sentimita tano unamwagwa juu yake kuficha aibu, na nyasi zinapandwa juu ya hayo yote.

Kipimo cha pili ni cha chupa. Chota udongo wa kina cha kiganja, ondoa mizizi na mawe, ujaze theluthi ya chupa ya plastiki inayoonyesha ndani. Ongeza maji hadi karibu na mdomo, tia chembe ya sabuni ya unga, funga na utikise kwa nguvu dakika kadhaa, kisha iweke mahali ambapo watoto hawataigusa. Mchanga hutua chini ndani ya dakika moja, unauona kabisa ukianguka. Tope laini hufuata baada ya saa chache. Maji ya juu hubaki na rangi ya chai ya maziwa, na hiyo ni chembe za mfinyanzi ambazo zitahitaji siku nzima au zaidi kutua. Kesho yake yapime matabaka kwa rula. Kama robo tatu ya udongo uliotua ni mchanga, acha kuota bustani ya kumwagilia mara moja kwa wiki. Kama nusu yake ni mfinyanzi, shughuli yako ya kwanza ni mifereji. Takataka nyeusi zinazoelea juu ni mabaki ya majani na mizizi iliyooza, na kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo nyasi zitakavyokushukuru. Udongo wa viwanja vipya vya Dar es Salaam mara nyingi hauna chochote kinachoelea.

Mwenye uwezo apeleke sampuli maabara. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro, kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kiko Tanga, na kwa walio Kenya kuna KALRO pale Kabete. Watakupimia uchachu wa udongo na virutubisho vyake, mambo ambayo chupa haiwezi kuyaona. Na uchachu una maana yake. Nyanda za juu zenye mvua nyingi, kama Njombe na Mbeya, zina udongo mwingi wenye uchachu, na chokaa ya kilimo huko ni dawa. Pwani, ambako chini kuna jiwe la matumbawe, udongo tayari umejaa chokaa. Nyasi zikigeuka njano huku mishipa ya jani ikibaki kijani, mara nyingi ni madini ya chuma yaliyofungwa na chokaa hiyo. Mtu akisikia kwa jirani kwamba chokaa au majivu ya jikoni yanaamsha nyasi, akaja kuyamwaga kwenye bustani ya Bamburi au Msasani, anaongeza ugonjwa.

Mchanga hutengenezwa kwa mboji, na hakuna njia ya mkato. Sentimita 15 za juu za mchanga mtupu hushika kama milimita 10 tu za maji ambayo mizizi inaweza kuyanyonya, na jua la pwani huyamaliza kwa siku mbili au tatu. Ukitandaza mboji au samadi iliyooza vizuri kwa unene wa sentimita tano, ukaichimbia hadi kina cha jembe, unanunua siku kadhaa za ziada kila unapomwagilia. Kwa uwanja wa mita 100 za mraba hiyo ni mita tano za ujazo, mzigo mkubwa, ndiyo sababu watu wengi huuruka. Huko Bamburi, kaskazini ya Mombasa, René Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje kwenye shimo kubwa la machimbo ya kiwanda cha saruji, juu ya matumbawe matupu. Udongo ulianza kupatikana pale majongoo walipoletwa kula majani makavu ya mivinje na kuyageuza mboji. Leo ni msitu, nao watu hulipa kiingilio kuuona. Kama jongoo aliweza kutengeneza udongo juu ya jiwe tupu, mwenye nyumba mwenye majani ya mwembe asiyachome moto kila Jumamosi.

Wengi badala ya mboji huagiza lori la “udongo mweusi”. Napenda kusema wazi kwamba hapa ndipo bustani nyingi za Dar es Salaam huharibikia. Udongo huo huchotwa mabondeni na kwenye kingo za mito, na huja na ndago. Ndago ina vitunguu vidogo vigumu chini ya ardhi, vimefungamana kwa nyuzi. Ukiing'oa kwa mkono jani linatoka, kitunguu kinabaki na kesho kutwa kinachipua tena. Ikishaingia kwenye bustani hutaimaliza, utaipunguza tu kwa kuchimbua kwa kisu kirefu wakati udongo umelowa na kufuata uzi hadi kitunguu cha mwisho. Kwa hiyo kabla hujalipia lori, chukua ndoo moja ya udongo ule, umwagilie, uuweke juani wiki tatu, uone kinachoota. Na ukiuridhia, uchanganye na mchanga wako wa chini kwa jembe. Ukiutandaza juu tu kama blanketi, maji yatasimama kwenye mpaka wa matabaka mawili, na mizizi haitashuka kupita hapo.

Kwenye mfinyanzi mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi hadi ukapoteza ufunguo ndani ya ufa, usithubutu kufanya kazi ukiwa umelowa. Ukilimwa mbichi unakuwa tofali. Subiri uwe na unyevu wa kuvunjika mkononi, uchanganye samadi nyingi, uinue uwanja kidogo katikati ili maji yaelekee pembeni, na uchimbe mfereji wa kokoto mahali yanapokusanyika. Maji yaliyotuama huua mizizi kwa kuinyima hewa, tena huzaa mbu. Kama maji yako ya kisima yana chumvi na udongo wako ni wa mfinyanzi, jasi husaidia kulegeza udongo. Ni jasi ile ile inayochimbwa Makanya kule Same.

Baada ya udongo, hesabu ya maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Nyasi zinazokua vizuri kwenye jua letu huhitaji takriban milimita 25 kwa wiki. Uwanja wa mita 100 za mraba, ambao si mkubwa, unakunywa basi lita 2,500 kila wiki. Hizo ni ndoo 125 za lita 20. Kuanzia mwanzo wa Juni hadi mwisho wa Septemba umemwaga zaidi ya lita 40,000 ardhini. Fanya hesabu hiyo kwa bei ya maji ya mtaani kwako, na zaidi kama unanunua kwa boza, kabla hujaamua ukubwa wa bustani. Nimeona familia zikipimiana maji ya kuoga ndani huku mpira ukimwagika nje mchana kutwa, na sidhani kwamba kuna nyasi zinazostahili hivyo.

Na wengi wanaomwagilia kila siku hawaisaidii bustani. Dakika tano kila jioni hulowesha sentimita mbili za juu, mizizi ikabaki huko huko juu, na siku moja umeme ukikatika na pampu isifanye kazi, nyasi zinakauka. Weka makopo matupu ya samaki au nyanya mahali mbalimbali kwenye bustani, fungua maji, angalia inachukua muda gani kujaza kina cha sentimita moja na robo. Muda huo, mara mbili kwa wiki, unatosha kwa udongo wa mchanga. Kwa mfinyanzi toa kiasi chote kwa siku moja, ila kwa awamu: mwagilia, pumzika nusu saa yazame, mwagilia tena. Wakati mzuri ni alfajiri. Ukimwagilia jioni majani hulala yamelowa, na kwenye joto la pwani hiyo ni karamu ya ukungu.

Nyasi zenyewe husema zikiwa na kiu. Asubuhi tembea juu yake kisha ugeuke nyuma. Zikiinuka mara moja, ziache. Nyayo zikibaki zimechorwa, na rangi ikiwa imeingia ukijivu wenye ubuluu kidogo, jani likiwa limejikunja katikati, leo ndiyo siku ya maji. Kagua kwanza sehemu iliyo karibu na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, hapo ndipo dalili huanza.

Lakini kuna chaguo lingine, nalo ndilo ninalolitetea: ziache zilale. Ukoka uliozoea una vikonyo vinavyopita chini ya ardhi, na humo huweka akiba yake. Kiangazi kikikaza, majani hukauka yakawa rangi ya majani ya kuezekea, mwenye nyumba akadhani yamekufa. Fukua kidogo kwa kidole pale penye kifundo. Ukikuta kikonyo cheupe, kigumu, chenye utomvu, mmea uko hai na unasubiri mvua. Milimita 10 za maji kila wiki mbili au tatu zinatosha kuulinda usife kabisa. Wanyama wa mbugani wamekuwa wakila nyasi za namna hii kwa msimu na kuziacha kwa msimu tangu enzi. Bustani yenye rangi ya kahawia mwezi Septemba huko Singida ni bustani iliyotunzwa na mtu anayezijua nyasi zake.

Kukata ndiko kunakoharibu zaidi mahali ambapo maji yapo. Vijana wetu wa kufyeka wana bidii sana, wanataka mwajiri aone thamani ya fedha yake, hivyo wanashusha fyekeo hadi kwenye mzizi. Bustani inabaki na rangi ya manyoya ya simba, udongo unaonekana, jua linaingia, na mbegu za magugu zilizokuwa zimelala gizani zinaamka. Kanuni ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja. Ukoka ubaki na sentimita tatu au nne, za Kikuyu nne hivi, za Pemba sita au saba kwa kuwa zinahitaji jani pana kukusanya mwanga wa kivulini. Zikikuzidi urefu wakati wa masika, zishushe kwa awamu mbili au tatu zilizopishana siku chache. Masika utakata kila wiki, kiangazi mara moja kwa mwezi au usikate kabisa.

Muombe kijana wako anoe. Chukua jani moja lililokatwa jana ulitazame kwa karibu: likiwa na ncha iliyonyooka na kukauka mstari mwembamba, kisu kilikuwa kikali. Likiwa limechanika nyuzinyuzi na ncha imekuwa nyeupe, halikukatwa, lilivutwa hadi likakatika, na kutoka mbali bustani nzima itaonekana imechakaa hata ukiimwagia nini. Tupa ya kunolea ni bei ndogo. Na yale yaliyokatwa, yakiwa mafupi, usiyazoe. Yanaoza upesi na kurudisha karibu robo ya naitrojeni ambayo ungeinunua dukani.

Kuhusu mbolea nitasema machache, maana watu huitumia kwa wingi kuliko inavyohitajika. Kilo moja ya UREA inatosha mita 100 za mraba, na kwenye mchanga igawe nusu kwa nusu, wiki nne zikipita katikati, la sivyo mvua itaishusha yote chini hadi kwenye kisima chako au cha jirani. Itawanye nyasi zikiwa kavu, kisha mwagilia mara moja. Ikilala juu ya jani lililolowa inaunguza. Iwekwe wakati mvua zimeshaanza vizuri. Kuzipa mbolea nyasi zilizolala kiangazi ni kuziamsha usiku na kuzinyima chakula. Mara moja kwa mwaka, mwanzo wa masika au vuli, tandaza mboji iliyochekechwa, unene usiozidi sentimita moja, uisukume kwa reki hadi izame kati ya majani.

Wadudu wa kuogopwa kweli ni viwavijeshi, ambao huja kwa makundi baada ya mvua za kwanza na hupenda jamii yote ya nyasi, mahindi na mpunga vikiwemo. Ukiona eneo linageuka kahawia kwa siku mbili tu na ndege wamejaa juu yake, piga magoti ufunue majani. Ukiwakuta, uwaone wakulima wa jirani zako pia, kwa sababu shamba la mahindi ndilo linalofuata. Mchwa wa bara hula zaidi majani yaliyokufa, kwa hiyo kwao tiba ni kukwangua tabaka la majani makavu kabla ya kiangazi.

Chini ya mwembe mkubwa, acha. Nimewasikia wengi wakipanda na kupanda tena mahali hapo kila msimu. Mwembe hauachi mwanga upite, mizizi yake inakunywa kila tone, na majani yake yanaanguka mwaka mzima. Hata nyasi za Pemba hazitafua dafu kwenye kivuli kizito namna hiyo. Hapo ndipo uwanja wa kufagiwa unaporudi kwa heshima yake: ardhi iliyoshindiliwa, benchi, mtungi wa maji, watoto wakicheza bao. Kwa nini tuone haya kwa sehemu ya nyumba ambayo mababu waliikalia kila alasiri? Vitofali vya saruji ambavyo watu wengi sasa wanavitandaza ukuta hadi ukuta havifai badala yake, maana havinyonyi maji. Mvua ya masika ikipiga, kila uwanja uliosakafiwa unamwaga maji yake barabarani, na mtaa wa chini unafurika.

Kwa hiyo mtu anayehamia Dodoma leo, na wamekuwa wengi tangu serikali ianze kuhamia huko mwaka 2016, akiwa na uwanja wa mita 400 za mraba mbele ya nyumba mpya, mimi ningemshauri apande nyasi kwenye mita 60 tu, zile zilizo mbele ya baraza ambako watoto wanacheza na macho yanatua. Sehemu nyingine iwe miti inayovumilia ukame, vichaka, changarawe na uwanja wa kufagiwa. Mita hizo 60 azipande ukoka aliouomba kwa jirani ambaye wake umeshapita viangazi kadhaa bila kumwagiliwa, kwa sababu huo umeshachujwa na mahali pale. Asipande kwa mvua ya kwanza ya mwisho wa Novemba, ambayo mara nyingi hudanganya na kufuatiwa na wiki za jua. Asubiri hadi udongo ulowe kina cha kiganja, mara nyingi ni katikati ya Desemba. Akate vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, avilaze kwenye vijifereji vilivyopishana sentimita 15, afukie vifundo viwili na kuacha ncha ikiwa nje, akanyage kwa mguu ili udongo ushike mzizi, kisha amwagilie siku hiyo hiyo. Magugu ayang'oe kwa mkono kila wiki hadi ukoka ufunge uwanja, na mkato wa kwanza ausubiri mpaka majani yafike sentimita sita, fyekeo likiwa limenolewa asubuhi ile.